Baba Kijiko

Mjomba wangu hakuja kwenye kituo cha sokwe kulea. Alikuja kujenga. Alikuwa fundi mwashi, mtu wa tofali na saruji, mpole wa sauti lakini mwepesi wa utani, na aliitwa pale kuongeza banda la kulala kwa sababu sokwe walikuwa wameongezeka na sasa walilala kwa kubanana. Mimi nilikuwa nimetangulia. Kazi yangu ilikuwa jikoni, na hadi leo ni hapo hapo: kuosha na kukatakata matunda na mboga, kukoroga maziwa ya wachanga, kusugua ndoo. Meneja aliposema anatafuta fundi asiyeondoka na misumari ya watu, nikamtaja Mjomba.

Siku ninayoisimulia, ukuta ulikuwa umefika kiunoni. Gari la kituo likaingia, na daktari wa wanyama akashuka na boksi la sabuni, kalishika kama aliyebeba mayai. Ndani yake mlikuwa na sokwe mchanga wa kike, mdogo kiasi kwamba masikio yalikizidi kichwa. Mama yake aliuawa na wawindaji. Yeye akafungwa waya kiunoni akauzwa kama mdoli, mpaka jirani mmoja wa yule aliyemnunua akashindwa kuvumilia kilio chake, akapiga simu. Waya ulikuwa umeingia nyamani.

Daktari alipojaribu kumtoa, aling'atwa. Mlezi wa wachanga alipomletea chupa ya maziwa, sokwe aliigeuzia kisogo. Mimi nikajitia kimbelembele, nikasema labda anamtaka mtu wa jikoni. Alinipigia ukelele, nikarudi kinyumenyume hadi nikaingiza mguu kwenye ndoo. Kisha akachupa kutoka kwenye boksi, akapita katikati yetu sote, akaenda kuukumbatia mguu wa Mjomba.

Mjomba alikuwa amesimama, mwiko wake wa kujengea mkono huu, tofali mkono ule, suruali imekauka saruji. Akaganda kama ukuta wake.

"Usisogee," meneja akamwambia. Meneja wetu ni mama wa makamo, mkali wa sura, laini wa moyo.

"Sisogei, mama. Ila tofali hili nalo lina uzito wake."

Nikampokea tofali. Akachuchumaa polepole, na yule mtoto akapanda kutoka gotini hadi kifuani, akazika uso kwenye shati lenye vumbi. Chupa aliendelea kuikataa. Nikaleta kijiko cha jikoni, na Mjomba akamnywesha maziwa tone kwa tone, huku akimsemesha kama mtu anayembembeleza mgonjwa. Maziwa yalipokwisha, mtoto akakikamata kile kijiko, na hakuna aliyeweza kumpokonya. Alilala nacho. Ndiyo maana akaitwa Kijiko. Banda lilimaliziwa na fundi mwingine.

Mjomba na mkewe walikuwa wanakaa nyuma ya soko, vyumba viwili na kibaraza. Kibarazani ndipo mkaza mjomba, ambaye mimi humwita Mama tu, alipokuwa ameweka cherehani yake ya kushonea sare za shule. Walipata kuwa na binti. Alijifunza kukaa, hakufika kutambaa, homa ilimchukua. Baada yake hakuja mwingine. Nasi tunajua jinsi mtu mzima anavyopata jina kwetu: anaitwa Baba wa fulani, Mama wa fulani, na jina lake la kuzaliwa linabaki kwenye kitambulisho. Wao, baada ya msiba ule, hakuna aliyewaita hivyo. Yeye alikuwa Fundi, mkewe Mke wa Fundi. Kwa hiyo pale kituoni walipoanza kumtania, "Baba Kijiko, mwanao analia!", Mjomba alicheka hadi akafuta machozi. Nilikuwa karibu naye. Kicheko kiliisha, yeye bado anafuta.

Mkaza mjomba hakucheka. "Msiniingize mimi humo," alisema. "Mimi sikuzaa chenye manyoya."

Sokwe mchanga halali peke yake. Akiachwa, anaweza kufa kwa huzuni tu. Walezi walilala naye kwa zamu, na zamu za Mjomba zilikuwa nyingi kuliko za wengine kwa sababu Kijiko alimchagua yeye. Akirudi nyumbani, mkewe alimpokea kwa swali: "Mke mwenzangu wa mikono mirefu ameshakupa chai, au nikuwekee?" Ulikuwa utani, lakini wenye mwiba ndani. Kituo hakikuwa mbali na kwao, hata kwa miguu. Mkewe hakukanyaga huko.

Mtu asiyewajua sokwe hudhani wanakaa tu wakingoja ndizi. Kwanza ni kelele. Kunapopambazuka mmoja huanza kuita, wa pili anadakia, wa tatu anapiga mlango wa chuma kwa kisigino, na kabla hujamaliza kuvaa mabuti kituo kizima kinatetemeka. Wakifunguliwa, anayetangulia ni Kovu, dume kubwa, nywele zimemsimama, anapita kando ya chakula kana kwamba hakukiona. Nyuma yake wengine wanaparamia wanavyoweza, isipokuwa Bi Kimya, jike la siku nyingi, ambaye hachukui kitu mpaka vurugu zitulie na daima anapata cha kumtosha. Alikuwepo pia kijana mmoja tuliyemwita Waziri kwa sababu ya ahadi zake: anakunyooshea mkono akuombe karanga, ukikaribia anakuvua buti. La mlezi mmoja alikaa nalo siku kadhaa, akitembea kalivaa mkononi. Jua likipanda wanatulia, wanapanga safu, huyu anamchambua yule nywele, kama wanawake wanaosukana huku wakisengenya. Mvua ikinyesha wananuna. Kovu peke yake husimama katikati ya mvua akayumba, akakanyaga matope, akavunja matawi, sijui akimgombeza nani.

Kijiko naye alikuwa na michezo yake. Alikuwa anajifunika ndoo, na ndoo inatembea sakafuni mpaka inagonga ukuta. Mjomba akimwaga maji ya sabuni kusafisha, yeye anakuja mbio, anateleza kwa tumbo hadi upande wa pili, anarudi, anateleza tena; sakafu haikauki. Mjomba akijifanya amelala, anamfungua kope kwa kidole na kuchungulia ndani kama mtu anayetafuta kilichoanguka kisimani. Akitekenywa anacheka. Sokwe hacheki kwa sauti kama yetu. Anaachama tu, meno ya juu hayaonekani, na pumzi inatoka haraka haraka, hah, hah, hah, kama aliyekimbia. Ukishaizoea, huwezi kuisikia usicheke nawe.

Usingizi ukimjia, alitafuta kidole gumba cha mkono wa kushoto wa Mjomba. Kidole hicho kilipondwa na tofali ujanani, ukucha ukaota umepasuka katikati. Alikishika hicho, si kingine, na kukizungusha hadi alale.

Na alipoanza kupanda miti na kwenda mbali, Mjomba akabuni mwito wake: anagonga ulimi mara mbili kwenye kaakaa, halafu anapiga mluzi mfupi wa kupanda. Sote tulijaribu kuuiga, tukatoa mate tu. Kijiko akiusikia, hata akiwa kileleni, anateremka kama aliyekatiwa kamba.

Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, walisema wahenga. Hawakusema chochote juu ya kumlea mwana ili umrudishe kwa wenzake. Kijiko alipoacha maziwa na kuanza kuwa na nguvu za kumwangusha mtu, meneja alimwita Mjomba ofisini. Nilikuwa nimepeleka chai.

"Baba Kijiko, wakati umefika."

"Bado mdogo, mama."

"Ni mdogo kwako wewe. Akikaa nawe zaidi hatajua kuishi nao, na wewe huwezi kumfundisha usokwe."

Mjomba aliangalia mikono yake. "Kweli," alisema. "Najaribu, lakini kupanda miti sijui."

Wakamtambulisha kwa Bi Kimya kwanza, siku nyingi, kupitia wavu. Siku mlango ulipofunguliwa, Kijiko alilia, akarudi mbio kwa Mjomba aliyekuwa upande wa pili, akajigandamiza kwenye wavu hadi manyoya yakatokeza kwenye matundu. Mjomba hakumgusa. Alikuwa ameambiwa asimguse. Bi Kimya akaja taratibu, akamzungushia mkono mmoja, akakaa naye hapo hapo, bila haraka, hadi kilio kikaisha. Kisha akambeba mgongoni, akaondoka naye kwenye miti. Mjomba akasema, "Haya, afadhali," akaenda kuosha mabuti ambayo yalikuwa safi.

Kuanzia hapo hakuingia tena ndani ya uzio. Walionana kwenye wavu wa kulishia. Kijiko alikuja, akapenyeza mkono, akakishika kidogo kile kidole gumba, akachukua chakula chake, akakimbilia kwa Waziri kupigana mieleka. Siku nyingine alichukua chakula tu.

"Ameanza kunisahau," Mjomba aliniambia, na sijui kama alikuwa anajisifu au analalamika.

Kikohozi kilianza kiangazi. Sote tulikohoa, vumbi lilikuwa jingi, na yeye alidai ni saruji ya ujana inatoka. Mkaza mjomba alimchemshia tangawizi. Lakini alikuwa anapungua. Ovaroli ikaanza kumcheza mwilini. Meneja hakusubiri kuombwa. Alimpeleka hospitali kwa gari la kituo, na majibu yakawa kifua kikuu.

Sokwe wanaugua magonjwa yetu. Mafua ambayo wewe unayapuuza yanaweza kuwamaliza wao. Ndiyo maana tunavaa barakoa, tunanawa hadi mikono inababuka. Daktari wa wanyama aliwapima sokwe wote, mmoja mmoja, na sisi tukapimwa, na kwa bahati hakuna aliyeonekana na ugonjwa. Mjomba alipoambiwa hayo alikaa chini hapo alipokuwa, barabarani. "Sikumuua," alisema. "Sikumuua mtu."

Lakini kituoni hakuingia tena. Alikuja kwetu na mwiko wa kujengea, akaondolewa na mwiko wa aina nyingine, na huo hauna wa kulaumiwa. Hakupewa hata nafasi ya kwenda kwenye wavu. Vitu vyake nilimpelekea mimi.

Nikawekwa kusaidia kulisha kwa muda. Siku ya kwanza Kijiko alikuja mbio, akaona ni mimi, akanyoosha shingo kutazama nyuma yangu. Akapenyeza mkono, akaushika wangu, akakigeuza kidole gumba, akaukagua ukucha. Akakiachia. Akaomba mkono wa pili, akaukagua huo pia. Kisha akaenda kukaa ameelekea njia wanayopita walezi. Chakula alikiacha, Waziri akakila. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Akaanza kujinyonyoa manyoya ya mikono, hadi ngozi ikaonekana. Bi Kimya alikaa naye, akimchambua mgongo, kila siku, bila kuchoka.

Jioni nilipita kwa Mjomba. Alikuwa analala chumba cha mbele, dirisha wazi, sahani na kikombe chake vimetengwa.

"Anakula?"

"Anakula sana."

"Ukisema uongo unashika sikio. Tangu mdogo."

Nikashusha mkono.

"Nani anakaa naye?"

"Bi Kimya."

"Basi," alisema, akageukia ukutani. "Bi Kimya anatosha."

Mkaza mjomba alimuuguza kwa roho moja. Alimkumbusha dawa, alimfulia, alimkemea akikataa kula. Meneja alikuja kumjulia hali siku moja, na bila kufikiri akasalimia mlangoni, "Mama Kijiko, hujambo?" Mkaza mjomba alimtazama, akavuta kigoda. "Sijambo," alijibu. "Karibu ukae."

Dawa alizimaliza. Hospitali wakasema ugonjwa umekwisha, hamwambukizi mtu. Lakini mapafu yalikuwa yameliwa, yamebaki kama chujio kuukuu, na kikohozi hakitamwacha. Kwa sheria ya kituo, mtu wa namna hiyo hakaribii wanyama. Meneja alimpa kazi ya getini. Mjomba akamshukuru, akakataa. "Niwe nawasikia asubuhi hadi jioni na siwezi kusogea? Hapana, mama. Utaniua kwa wema." Akawa anakaa kibarazani kwa mkewe, akishona vifungo vya sare. Alishona vizuri. Kijiko naye, kidogo kidogo, alianza kula, manyoya yakarudi. Safari hii niliposema anakula, mikono yangu ilikuwa magotini.

Ikapita miezi. Siku moja ya wageni akaniambia anataka kuja kama watu wengine, asimame kwenye jukwaa la watazamaji, ng'ambo ya handaki. Meneja akakubali. Akaja na barakoa, kofia, na koti lililokuwa linamvaa yeye badala ya yeye kulivaa. Tukasimama pembeni mwa familia moja yenye watoto.

Kijiko alikuwa amekua. Mabega yalikuwa yametanuka, mwendo ulikuwa wa mtu mwenye kwao. Alikuwa anagombania gunia na Waziri. Anajifunika, anavuliwa, anafukuzwa, anazunguka mti, anageuka kufukuza yeye. Mjomba alikuwa ameshika reli kwa mikono miwili. Nilisikia pumzi yake chini ya barakoa.

Kijiko akatuona. Akaacha gunia, akashuka hadi ukingo wa handaki, akatutazama wote kwa zamu. Sokwe hawapendi wageni. Wakimwona mtu wasiyemjua humrushia walichonacho, nusu kwa hasira, nusu kwa mchezo. Akaokota donge la udongo. Akalipima. Akalirusha kwa mkono wa chini, likampiga Mjomba kifuani, likapasuka.

Watu walicheka. Mtoto mmoja akapiga makofi. Kijiko akajizungusha kwa furaha, mdomo wazi, hah, hah, hah, akaokota jingine.

"Mwite," nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa.

"Mjomba, mwite. Hajaona uso wako. Akisikia mwito atakujua."

"Najua atanijua." Alikuwa bado anamtazama. "Halafu? Nitavuka handaki? Nitampa mkono? Atalia, atajinyonyoa tena, na mimi nitarudi zangu nyumbani nikanywe chai."

"Lakini asikuone mgeni..."

"Mwache acheze, mwanangu."

Donge la pili likapita juu ya kofia yake, na watu wakacheka tena, na yeye akacheka nao. Alisimama hapo hapo mpaka Kijiko akatuchoka, akaenda kulitafuta gunia lake. Ndipo akainama kwenye reli akakohoa, akakohoa, na yule baba mwenye watoto akawasogeza wanawe mbali nasi.

Nyumbani mkaza mjomba alisimamisha cherehani.

"Alikujua?"

"Amenenepa. Ana marafiki, yule—"

"Nimekuuliza, alikujua?"

"Alinirushia donge la udongo," Mjomba akasema. Udongo ulikuwa bado kwenye koti.

Mkaza mjomba akainuka. Alikuwa na jibu tayari, mimi namjua, alikuwa na mzaha umefika ulimini. Akaumeza. Akamvua koti, akalipeleka uani kulikung'uta, na alikaa huko muda mrefu kuliko koti lilivyohitaji.

Hakuomba tena kwenda. Masika yalipoingia alianza kukohoa damu, tukampeleka hospitali, na huko alikaa siku chache tu. Alifariki mchana, mkewe ametoka kidogo kuosha kikombe. Alirudi, akaona. Aliniambia baadaye kwamba alikipanga kikombe juu ya kabati kwanza, vizuri, kisha ndipo akapiga kelele.

Mimi nilikuwa kazini, nakata mapapai. Nilipokata simu iliyoniletea habari, sokwe walikuwa katika mchezo wao wa mchana, wanafukuzana, wanapiga mateke mapipa, na Kijiko yumo. Niliwachukia. Nilitoka jikoni na kisu mkononi, nikasimama penye uzio nikiwaambia wanyamaze, mpaka daktari wa wanyama akaja kunishika bega. Hawakunyamaza. Kwa nini wanyamaze?

Matanga yalipopita, asubuhi moja mkaza mjomba alitokea mlangoni mwa jiko la kituo. Alikuwa na utepe wa kupimia shingoni; alikuwa ameondoka kwenye cherehani hivyo hivyo.

"Nionyeshe," alisema.

Nikampa barakoa, nikampeleka kwenye jukwaa. Hapakuwa na wageni siku hiyo.

"Yupi?"

Nikamwonyesha. Kijiko alikuwa amelala chali kivulini, anachezesha tawi kwa miguu, analizungusha, linamwangukia usoni, analiokota tena. Bi Kimya amekaa karibu naye, macho nusu yamefumba.

Mkaza mjomba akaegemea reli. Kisha akasema, "Nilimwonea wivu. Mtu mzima kama mimi."

"Mama..."

"Hapana, ngoja. Nilidhani ananinyang'anya. Kumbe ndiye aliyekuwa anamrudisha nyumbani akicheka." Akapangusa jicho kwa ncha ya utepe. "Anajua kwamba amekufa?"

"Hajui. Kwake yeye aliondoka zamani."

"Basi alimaliza kulia kabla yangu."

Tukakaa mpaka jua likaanza kupiga reli. Nilimwomba ruhusa meneja nimsindikize. Njiani alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, na akawa anatembea polepole, akisimama kila tulipofika penye kivuli. Tulipokaribia soko akasema tupite dukani kwanza. Tangu juzi alikuwa anapika bila chumvi pasipo kujua, na hakuna hata mmoja wa wageni wa msiba waliobaki aliyemwambia.